Huduma ya kuainisha vyumba kwa ajili ya cheti cha LEED: tuliyoyaona Lubumbashi

Mwaka jana tulikodi kampuni ndogo ya ushauri hapa Lubumbashi ili itutayarishie faili ya cheti cha LEED (cheti cha kimataifa cha majengo yanayojali mazingira) kwa jengo letu la ofisi lenye orofa tatu, mtaani Golf. Nitazungumzia sehemu moja tu ya kazi yao, yaani uainishaji wa vyumba, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kasoro yao na thamani yao.

Kanuni yenyewe si ngumu. Toleo la nne la LEED huhesabu kuwa chumba kinatumika mara kwa mara ikiwa watu, kwa kawaida, hukaa au husimama humo zaidi ya saa moja kwa siku wakifanya kazi, wakisoma au wakishughulikia jambo linalodai umakini. Ofisi na chumba cha mikutano huingia. Korido, ngazi, vyoo na hata chumba cha mapumziko hubaki nje. Ugumu huanza pale mtaalamu anaposoma majina ya vyumba kwenye ramani badala ya kwenda kuwatazama watu, na ripoti ya kwanza iliandikwa hivyo. Chumba cha arshivu kiliwekwa pamoja na maghala, ilhali mama anayekitunza huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa tisa alasiri, amezungukwa na rafu, bila dirisha hata moja. Kuhesabiwa kama sanduku lililohifadhiwa kulimuumiza, na mimi pia.

Nilipowaandikia hawakubishana. Kijana wao mmoja alirudi akashinda nasi siku mbili, akimuuliza kila mfanyakazi anakaa wapi na kwa muda gani. Matokeo hayakutupendeza: alama ya mandhari, mojawapo ya zile zinazohesabiwa kwa cheti hicho, hudai kwamba asilimia 75 ya eneo linalotumika mara kwa mara iwe na mtazamo wa nje wa moja kwa moja, nasi tuliokuwa tumeandikiwa 77 tukashuka hadi 72. Hakuficha. Alipendekeza mama ahamie chumba cha orofa ya kwanza kilichojaa makaratasi ya zamani, chenye dirisha linalotazama mjakaranda, na arshivu ibaki ghala kwelikweli. Tulifanya hivyo, tukapita.

Bei yao ni kubwa, na ucheleweshaji ulitugharimu mwezi mzima. Nitawaajiri tena, ila siku hizo mbili za kushinda jengoni nitataka ziandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa dola ya kwanza.