Uzoefu wangu na kituo cha wanyama cha kaunti: tulivyompata Tende

Asubuhi ya tarehe 5 Julai nilimkuta mbwa amejikunyata chini ya gari langu, hapa Texas tunapoishi. Usiku wa kuamkia siku hiyo fataki za sikukuu ya uhuru wa Marekani zililia mpaka saa saba, na mbwa wengi wakisikia mshindo ule huruka uzio na kukimbia ovyo. Huyu alikuwa na ukanda shingoni, hauna jina wala namba ya simu. Kucha za miguu ya mbele zilikuwa zimesagika na lami hadi zikatoa damu.

Nilimpeleka kituo cha wanyama cha kaunti yetu. Jina lake silitaji, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia. Foleni ilikuwa imetoka hadi nje, kila mtu na mbwa wake wa kuokota. Zamu yetu ilipofika, mama wa mapokezi alipitisha kifaa cha kusoma chipu (ile inayochomwa chini ya ngozi, yenye namba ya kumtambulisha mwenyewe) shingoni, mabegani na ubavuni, polepole, kisha akarudia upya. Chipu ni ndogo kama punje ya mchele na huweza kuhama pale ilipochomwa, ndiyo maana hakuridhika na mara ya kwanza. Kifaa hakikulia. Akaniambia mwenyewe atangojewa siku tatu, asipotokea mbwa anakuwa wa kaunti.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kituo cha serikali hakichagui. Mashirika binafsi ya kuokoa wanyama yakijaa yanafunga mlango, na hakuna wa kuyalaumu. Kaunti inapokea mzee, kipofu, aliyegongwa na gari, aliyeng'ata mtu na anayetakiwa kuwekwa peke yake siku 10 aangaliwe kama ana kichaa cha mbwa. Halafu watu wanachukua asilimia ya waliotoka hai, yaani hawakuuawa humo, na kulinganisha na ya shirika linalopokea watoto wa mbwa wazuri tu. Huo si ulinganisho wa haki. Kipimo kinachotumika sana hapa ni asilimia 90. Jiji la Austin, ambalo lina kituo cha umma, liliweka lengo hilo mwaka 2010, na mwaka 2019 likalipandisha hadi 95. Inawezekana, ila inataka bajeti, familia za kulea mbwa kwa muda, na madiwani wasiochoka kuulizwa.

Siku ya nne nilirudi. Hakuna aliyemuulizia. Vizimba vilivyojengwa kwa mbwa mmoja vilikuwa na wawili, sakafu imeoshwa inanukia dawa, kelele huwezi kusikilizana. Yeye alikuwa kimya nyuma kabisa, amelalia taulo la mtu lenye maua. Kadi ya mlangoni iliandikwa namba, kilo 19, na neno moja: mwoga. Kijana Mkongomani anayejitolea pale aliniona nimesimama muda mrefu. "Huyu, kaka, ukichuchumaa atakuja." Nikachuchumaa. Ilichukua kama dakika kumi, lakini alikuja, akaweka pua kwenye kiganja changu kupitia wavu.

Nililipa dola 75. Humo mlikuwa na kuhasiwa, chipu, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa daktari binafsi pesa hiyo haitoshi hata kuhasi. Kwa hapo, kaunti yangu naipa alama zote.

Lalamiko langu sasa. Majibu ya kipimo cha minyoo ya moyo hatukupewa siku ile. Nilipiga simu mara nne, nikasubirishwa mpaka nikakata tamaa, na wiki mbili baadaye ndipo ikaja barua pepe: anayo. Sisi tuliokua na malaria tunaelewa haraka, kwani minyoo hii nayo huletwa na mbu, ila yenyewe huenda kukaa moyoni na kwenye mishipa ya mapafu. Tiba ni sindano tatu, ya kwanza peke yake, mbili za mwisho baada ya mwezi, kwa siku mbili mfululizo. Wakati wote huo mbwa hatakiwi kukimbia, maana vipande vya minyoo iliyokufa vinaweza kuziba mishipa. Sisi kwa wiki mbili tulikuwa tunamkimbiza uwanjani kwa furaha. Nikikumbuka bado moyo unanienda mbio. Ukienda kuchukua mbwa kituo chochote cha kusini mwa Marekani, usiondoke bila kuuliza majibu hayo, na uliza pia kama kituo kinachangia gharama. Chetu kilichangia dawa, na kwa hilo nashukuru.

Mama yangu, yuko Morogoro, aliponiona kwenye video na mbwa sebuleni alishangaa. "Baba, mbwa analala ndani?" Nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akakumbuka mbwa wa mtaa wetu waliokuwa wakipigwa risasi nilipokuwa mdogo, na jinsi wengine walivyojaa tena baada ya miezi michache. Siku hizi ananiuliza hali yake kabla ya kuniuliza yangu.

Binti yangu ndiye aliyemwita Tende, kwa rangi yake. Sindano ya mwisho amechomwa Jumanne. Daktari amesema wiki sita nyingine za kutembea kwa kamba tu, na binti amebandika kalenda kwenye friji, kila jioni anafuta siku moja.