Kusoma TaSUBa na kuishi Bagamoyo: uzoefu wangu

Wadogo zangu mnaouliza kama chuo hiki kinafaa, jibu langu ni ndiyo, mradi uje tayari kusomeshwa na mji pia. Ni chuo cha serikali, kilichoanza 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kisha 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Mimi nilisomea muziki na ngoma.

Vitendo ni vingi, na hapo ndipo nilipokipendea. Kabla ya kupiga, mwalimu alitutoa nje tukakusanya makuti makavu, akawasha moto. Unaizungusha ngoma juu ya ndimi za moto, unaigonga katikati kwa kidole, unasikiliza. Ikilia kizito, bado. Ikishalia kavu, iondoe upesi, ngozi isije ikapasuka. Masika kuna unyevu, ngoma hulegea hata katikati ya wimbo, kwa hiyo ujuzi huo hauna mbadala. Wapiga gitaa, njooni na nyuzi za akiba. Hewa ya chumvi inazila.

Malazi: wengi tulipanga mitaani. Baadhi ya wenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, basi ulizia maji kwanza ndipo utoe pesa. Chandarua ni lazima. Chakula hakisumbui, mama ntilie wapo.

Mji wenyewe usiuache kwa watalii. Shuka soko la samaki mashua zinaporudi, umsikilize mnadi. Anapandisha bei kwa pumzi moja, sauti haikwaruzi, na aliye nyuma kabisa anamsikia. Wenzangu wa maigizo walikuwa wakienda kumsikiliza, na jukwaani tofauti ilionekana. Wachoraji wana milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Kaole, magofu ya misikiti na makaburi ya kale, ni mwendo wa baiskeli tu. Nenda asubuhi, mchana jua ni kali mno.

Ukitaka kukijua chuo kabla ya kuomba nafasi, njoo wakati wa tamasha lake, lililoanza 1982. Utawaona wanafunzi na walimu wakiwa jukwaani, na utaweza kuzungumza nao. Toka Dar ni kama kilomita 70, unaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo. Lakini maonyesho ya usiku ndiyo matamu, kwa hiyo shika chumba mapema, maana siku hizo nyumba za wageni hujaa.