Mashine za tatuu zisizo na waya: uliza kwanza kama betri inatoka

Jamani wachoraji wa Paje na Nungwi mmenijaza meseji na malalamiko ni hayo hayo, mashine ikiwa mpya inapiga kazi kutwa, msimu wa wageni ukiisha haifiki hata alasiri, inazima mtu yuko nusu mkono. Kwa hiyo leo sizungumzii rangi wala uzito, nazungumzia kitu kimoja tu ambacho hakuna anaekiuliza dukani: betri inatoka au imefungiwa ndani?

Betri ya litiamu inachoka, ya ghali na ya rahisi zote, na joto linaizeesha upesi, khasa ukiiacha kwenye chaji usiku kucha ndani ya banda la bati. Ikiwa imefungiwa ndani, betri ikichoka umepoteza mashine nzima. Na yale masaa ya kwenye boksi yaacheni, ukifunga sindano pana za kujazia kivuli na volti ukapandisha, mota inakula umeme mwingi kuliko ukichora mstari mwembamba. Hata mAh, ile namba ya ujazo iliyoandikwa kwenye betri, peke yake haikwambii kitu mpaka uzidishe na volti, betri ya 2000 mAh ya volti 3.7 inabeba saa-wati 7.4 tu.

Namba moja kwangu ni Cheyenne Sol Nova Unlimited ya Mjerumani, na hapa sibadiliki. Boksini mna betri mbili, kampuni inasema moja inafika masaa 5, hii inapiga kazi ile iko kwenye chaji, umeme ukikatika Jambiani bado una akiba mkononi. Ni ghali, lakini inatulia mkononi na haikuachi njiani.

Ya pili FK Irons Flux ya Marekani. Betri yake, PowerBolt, inatoka vizuri, ila kabla hujalipa hakikisha unapata na ya pili.

Ya tatu, kama una mashine ya waya yenye tundu la RCA, lile la duara la kuchomekea waya wa umeme, usiiuze, tafuta betri mbili za RCA uchomeke nyuma. Inakuwa ndefu na nzito kidogo, ndo hivyo.

Zile rahisi za betri ya ndani ni za kujifunzia kwenye ngozi bandia, basi.

Sasa wauzaji. Bei hawaandiki, "njoo inboksi", ukienda unatajiwa dola kama vile sote tunalipwa dola. Linaloniuma zaidi nimetumiwa picha, boksi limeshafunguliwa, betri ya pili imetolewa inauzwa peke yake! Huo ni wizi, semeni wizi. Fungueni boksi pale pale kabla ya kutoa pesa, mhesabu vyote.

Na kama unaagiza kwa mtu anaetoka Dubai, mwambie betri za akiba abebe kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini ya ndege haziruhusiwi, zikionekana zinatolewa na wewe utapokea mashine bila akiba.