Tathmini ya ESLint kwa kanuni za mradi wenyewe
ESLint, programu ya kukagua msimbo wa JavaScript iliyoanzishwa na Nicholas C. Zakas mwaka 2013, inastahili sifa kwa jinsi toleo la 9 lilivyorahisisha kuongeza kanuni ambazo mradi umejitungia. Katika mpangilio wa zamani ilibidi folda ya kanuni itajwe kwa --rulesdir kila amri ilipotolewa, au kanuni ifungashwe kama paketi ya npm (hifadhi ya paketi za JavaScript) hata kama haikuwa na mtumiaji mwingine. Sasa faili la kanuni huingizwa moja kwa moja ndani ya eslint.config.js, faili la mpangilio wa ESLint.

Tuseme timu imekubaliana kwamba fetch, fanksheni ya kuomba data mtandaoni, isiitwe nje ya folda ya api. Sehemu ya create katika faili la kanuni hurudisha objekti yenye fanksheni ya CallExpression (yaani wito wa fanksheni) inayotazama jina la kinachoitwa, kisha context.report huonyesha mstari husika pamoja na ujumbe uliotungwa na timu. Ujumbe huo ndio unaonivutia zaidi, kwa kuwa mgeni katika mradi huelezwa sababu papo hapo. Ugumu uko kwenye mti wa sintaksia, yaani msimbo uliopangwa kama matawi ambayo kanuni huyakagua, ambao anayeanza atahitaji muda kuuzoea, ingawa RuleTester, zana ya ESLint ya kujaribu kanuni, humwezesha kujaribu mifano sahihi na mibovu. Kwa makatazo mepesi, no-restricted-syntax, kanuni iliyomo tayari ndani ya ESLint, inatosha bila kuandika fanksheni yoyote.