Fundi wa kombi za zamani Unga Limited, Arusha: uzoefu wangu na petroli iliyokuwa inavuja

Mwenye haraka asome hapa tu: nampa nyota nne kati ya tano. Kazi yenyewe ni tano bila ubishi. Moja nimeikata kwa sababu ya simu na risiti, nitafika huko.

Gari ni kombi ya Volkswagen ya 1973, injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, kabureta moja. Westfalia, kampuni ya Ujerumani, waliigeuza iwe ya kulala: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, makabati, na paa linalonyanyuka. Watoto wakifunga shule tunakwenda nayo Duluti, tukijaaliwa mafuta tunafika West Kilimanjaro. Shida yake ilikuwa harufu ya petroli, na haikuwa ya kila siku. Inaweza kutulia hata ukasahau, halafu asubuhi unafungua mlango inakupiga usoni.

Kwa wasiozijua hizi kombi: injini iko nyuma, chini ya kitanda. Tangi nalo liko mbele tu ya injini, katikati yake kuna bati. Yaani mnalala juu ya vyote viwili, na hatua chache mbele kuna jiko la gesi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaenda zake, unatuama sakafuni ukisubiri cheche. Mume wangu akasema gari lile halilazi mtoto mpaka kieleweke.

Gereji ya kwanza siitaji. Walibadilisha pampu ya mafuta kabla hata mtu hajalala chini ya gari akatazama. Harufu ikarudi. Wakafungua kabureta, wakaweka gasketi mpya, wakanitoza tena. Harufu ikarudi. Mwishowe kijana mmoja akaja na gundi ya kuziba, anataka kulipaka tangi kwa chini, "tuzibe tu mama, litakaa." Nikaomba ufunguo wangu.

Aliyenielekeza Unga Limited ni jirani mwenye Land Rover ya zamani, na Arusha hii ukitaka fundi wa gari kuukuu, muulize mwenye Land Rover. Huyo fundi ni mzee wa makamo, gereji yake ni uwanja wa vumbi wenye mabati upande mmoja. Ndani nilikuta Peugeot 504 mbili na pikapu moja ambayo nadhani imeota mizizi. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka kikombe cha chai chini. Nilitegemea afungue mlango wa injini. Akaanza kunihoji.

Harufu inakuja tangi likiwa limejaa au likiwa nusu? Gari likitembea au limesimama? Asubuhi, au mchana jua likiwa kali? Ukiegesha nyumbani, pua ya gari inatazama juu au chini?

Hilo la kwanza ndilo lililonifanya nifikirie. Nyumbani kwetu tuna desturi ya kujaza fulu tanki Jumanne usiku kabla ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, maana ndiyo siku EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo mpya, na bei ikipanda umeshawahi. Nikamwambia harufu huwa inaanza siku hizo, kisha inapotea yenyewe tukishatembea kidogo. Mzee akacheka. "Basi mama umeshanipunguzia nusu ya kazi."

Maelezo yake yalikuwa haya. Pampu ikivuja, au kabureta, au mpira unaotoka chini ya tangi, haijali tangi lina lita ngapi. Injini ikizunguka itavuja tu. Uvujaji unaokoma mafuta yakipungua uko juu ya tangi: kwenye mpira mpana unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, kwenye mipira myembamba ya hewa, au kwenye gasketi ya boya la kipimo cha mafuta. Tena petroli inavimba kwa joto, kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10. Tangi la lita zaidi ya 50 ukilijaza usiku wa baridi ya Arusha hadi mdomoni, mchana likapigwa na jua, karibu nusu lita inatafuta pa kwenda. Palipo na ufa ndipo inapotokea.

Ningekuwa mimi ningesema haya, fungua tangi. Yeye akasema hilo ni wazo tu, hajaona tone.

Kabla ya kugusa chochote alitoa waya wa hasi wa betri na kuniomba nitoe mtungi wa gesi, nikauweke mbali kabisa. Jirani yake ni mchomeleaji mageti. Akaenda kumwomba asimame kwanza, wakaelewana. Kijana aliyekuwa na sigara alifukuzwa kwa maneno ambayo sitayaandika. Mtungi wa kuzimia moto ukaletwa, na nikaukagua mshale wake: ulikuwa kwenye kijani. Nimeshaona gereji ambazo mtungi wa namna hiyo umegeuzwa kizuizi cha mlango.

Halafu akachomoa dipstiki akainusa. Utando wa ndani wa pampu ukipasuka, petroli inaingia kwenye oili, na oili inanuka petroli na kuwa nyepesi. Yetu ilikuwa safi, kwa hiyo pampu ya zamani niliyobadilishiwa kwa pesa yangu pengine haikuwa na kosa. Akaosha injini yote, akaikausha kwa kompresa, akaomba podari. Podari ya mtoto, ile ya kawaida! Akainyunyiza kwenye kila kiungo: pampu, filta, mdomo wa kabureta, kila klempu. Waya wa betri ukarudishwa, injini ikawashwa ikanguruma muda mrefu. Petroli ikipita kwenye podari inaacha mstari wa unyevu hata kama ni kidogo kiasi kwamba jicho lisingeiona. Hakukuwa na mstari.

Hapo alikuta jambo jingine ambalo halikuwa chanzo cha harufu lakini lingetuua mapema zaidi. Filta ya plastiki ilikuwa imening'inizwa kwenye mpira juu kabisa ya distribyuta. Distribyuta ndiyo inayogawa umeme wa plagi, ina cheche, filta ikichomoka petroli inamwagikia hapohapo. Akaihamishia nje ya chumba cha injini, chini karibu na tangi. Akajaribu pia kabomba ka shaba kanakoingiza mafuta kwenye kabureta, maana kamesukumizwa tu, hakana nati, na kwenye kabureta za zamani huwa kanalegea na kuchomoka gari likiwa mwendoni. Ketu kalikuwa kamekaza.

Baada ya hapo akaliegesha gari pua juu, akamimina petroli kutoka kwenye jerikeni ya chuma hadi mdomoni, tukakaa. Jua la saa sita. Nikanywa soda. Kisha spana boi wake akaita: mstari wa unyevu unashuka kwenye ukuta wa tangi upande wa kulia, unapita juu ya gia boksi, tone linaangukia chini ya injini. Ukilala chini ya gari unaona injini imelowa, na bila shaka ndiyo maana wale wa kwanza waliiandama injini. "Harufu inatembea," mzee akasema, "tone linaacha njia."

Kwenye kombi hii hufikii juu ya tangi bila kushusha injini, na hili ndilo linalowafanya mafundi wengi wakimbilie gundi. Walinyonya petroli yote kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo. Boliti nne za gia boksi, mhimili wa nyuma unaoshikilia injini, waya, kebo ya pedeli ya mafuta na kebo za hita, injini ikashuka juu ya jeki ya magurudumu. Nilivyoona ilivyo ndogo nilishangaa kwamba ndiyo inayotupandisha milima.

Mpira wa mdomo wa tangi ulikuwa unaonekana mzima. Alipoukunja ukafunguka nyufa upande wa ndani wa kona. Mipira ya hewa ilikatika mkononi kama biskuti. Gasketi ya boya ilikuwa imekauka kuwa ngumu. Alinionyesha pia mpira mwembamba wa mafuta, wa zamani, uliovikwa kitambaa: nje uko vizuri kabisa, akaupasua kwa kisu kwa urefu, ndani umechanika chanika. Kitambaa kinaficha. Kama gari lako lina mipira hiyo, usiiamini kwa macho.

Mpira mwembamba mpya tuliupata Arusha hapahapa, ingawa alirudisha wa kwanza niliotumwa kununua kwa sababu haukuwa na maandishi. Anataka uliochapwa SAE J30 R7 au R9 ubavuni, alama ya kiwango cha mipira ya mafuta. Klempu alitumia zile zenye mkanda laini, zisizo na matundu, kwa kuwa zenye matundu zinakata mpira ukikazwa. Mpira mpana wa mdomo wa tangi haukupatikana mjini. Nilipendekeza wa radieta, akakataa katakata: ule ni wa maji, petroli inauvimbisha na kuulainisha. Ukaagizwa Nairobi, ukaja na basi la Namanga.

Na hapa ndipo malalamiko yangu. Wakati wa kusubiri, gari lilikaa juu ya stendi bila injini na hakuna aliyenipigia. Nikipiga mimi, simu inaita tu. Mpira ulipofika niliambiwa na spana boi, kwa bahati, nikipita njia. Hana mashine ya EFD (ya risiti za kodi), ankara aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa hiyo anayehitaji risiti ya ofisi atafute kwingine. Na mto wa kiti cha dereva ulirudi na alama ya mkono wa oili.

Ufundi alinitoza 280,000, vifaa vyote pamoja na nauli ya basi vikafika 165,000. Wale wa kwanza walikula zaidi ya hapo kwa pampu na kabureta.

Kulijaribu, nilijaza sheli ya njia ya Moshi nikaenda hadi Kibosho na kurudi, nikaliegesha pua juu usiku kucha, asubuhi nikaingiza kichwa chini ya kitanda: harufu ya godoro tu. Mzee ameniambia pampu ya sheli ikikata yenyewe, basi. Vijana wa sheli wanapenda kuongeza kidogo kidogo hadi hesabu iwe kamili, na mafuta hayo ya ziada ndiyo yanayokaa kwenye mdomo wa tangi. Siku hizi nashuka, nasimama pale, nawakataza.

Kwa gari la kisasa lenye mfumo wa kompyuta usiende kwake, mwenyewe atakuelekeza kwingine. Ijumaa mchana hayupo. Nenda asubuhi, na andika namba ya spana boi pia, huyo anapokea. Bado tuna kipimo cha mafuta kinachosema nusu wakati tangi ni tupu. Boya alilisafisha lakini halijakubali, na amesema nilirudishe baada ya mvua.