Wa kulipwa alinipa mtu mwingine, katibu wa kanisa akanipa babu yetu

Nimetumia huduma mbili kutafuta kumbukumbu ya ubatizo wa mtu mmoja. Ya kwanza ilinilia shilingi 4,000, ya pili nauli ya bodaboda na sadaka. Naeleza zote mbili, maana najua wapo wengi huku Malindi wanaotafuta watu wao wakiwa na habari nusu nusu kama sisi.

Mambo yalianzia kaburini. Ukoo uliamua kujengea kaburi la baba yake babu yangu, saruji na jiwe la jina. Angekuwa mzee wa gohu, kile chama cha wazee wenye hadhi, tungemsimamishia kigango, nguzo ya mbao ya kuchongwa, na kigango hakiulizi mtu kazaliwa lini. Lakini yeye alikuwa Mkristo, na jiwe linataka mwaka. Baba mkubwa akasema 1912. Baba mdogo akasema 1901. Hawakusemezana wiki nzima.

Tulichokuwa nacho ni kidogo: jina la nyumbani, Kazungu wa Tsuma, jina la ubatizo, Yeremia, na neno alilokuwa akilisema mwenyewe, kwamba alibatizwa "tuliporudi ng'ambo ya mto". Kadi hakuna, picha hakuna. Tukaona mwaka tuutafute kwenye kumbukumbu za ubatizo.

Nikaenda kwa bwana mmoja mjini anayetafutia watu nyaraka kwa malipo. Simtaji. Aliniuliza jina na mwaka, nikamwambia kati ya 1901 na 1935, akaandika, akapokea hela. Hakuuliza kanisa gani, hakuuliza mama yake nani. Siku ya tisa akanipa karatasi moja iliyochapwa vizuri, ina mpaka wa rangi na muhuri wake mwenyewe: Tsuma Kazungu, mwanamume, kabatizwa 1931. Picha ya ukurasa hakuna. Nikamwambia jina ni Kazungu wa Tsuma. Akasema, "Limegeuzwa tu, hayo ni ya kawaida."

Kwa Mgiriama hilo si jambo la "tu". Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, kwa hiyo Kazungu humzaa Tsuma, na Tsuma humzaa Kazungu, mpaka leo. Ukigeuza jina umeruka kizazi kizima. Baba mkubwa mwenyewe ni Kazungu wa Tsuma, naye yu hai na anadai chai yake kila saa kumi.

Nilimpelekea karatasi ile hawe, dada mdogo wa babu yangu. Hajui kusoma, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu si baba. Huyu ni kaka yangu. Mmelipa hela mtafutiwe mtu mliyemzika wenyewe?"

Nilipompigia yule bwana akanijibu kwamba malipo ni ya kutafuta, si ya kupata. Basi, hiyo ndiyo huduma ya kwanza.

Ya pili ni ofisi ya kanisa moja la zamani huku bara. Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walikuwa tayari na kituo Jilore tangu mwisho wa karne ya 19, kwa hiyo Wagiriama wa kando ya mto Sabaki walianza kubatizwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Jirani alikuwa amenishauri niandike barua Birmingham, Uingereza, kwa sababu hati za CMS zinahifadhiwa katika chuo kikuu cha huko. Katibu alicheka. Huko, akasema, utapata barua na taarifa za wazungu; kitabu cha ubatizo hukitafuta pale mtu alipobatiziwa.

Nilikwenda na hawe, Jumanne. Katibu ni mzee wa makamo, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa uzi. Hakuanza na mwaka. Aliuliza: Mama yake nani? Alibatizwa mtoto au mtu mzima? Walikaa upande gani wa mto? Hawe akajibu la kwanza, Kadzo, na la tatu, kaskazini. Nami nikataja lile neno la kurudi ng'ambo.

Hapo ndipo alipoamka. Historia anaijua. Viapo vya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, vilikuwa 1913. Agosti 1914 serikali ikaivunja Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama, kwa baruti, na Wagiriama wakaamriwa kuhama ardhi ya kaskazini ya Sabaki. Baadaye wakaruhusiwa kurudi. "Basi vya kabla ya 1914 tumevitoa," akasema, na akaweka pembeni vitabu viwili bila kuvifungua. Neno ambalo ukoo mzima tuliliona la kupitisha jioni lilikuwa ndiyo tarehe yenyewe.

Kitabu alichokileta kina jalada la kitambaa, pembe moja imeliwa na mchwa, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Safu ni tarehe, jina, wazazi, makao, aliyebatiza. Orodha ya majina nyuma haimo. Watu wameandikwa kwa siku waliyobatizwa, kwa hiyo husomi jina, unasoma mstari kwa mstari. Aliweka rula ya mbao chini ya kila mstari na kusoma kwa sauti kwa ajili ya hawe. Kwenye dirisha mbuzi walikuwa wakipigana. Saa moja, saa mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiangalia kitabu begani kwake nikitafuta herufi T, na tulipita.

"Rudia hapo," hawe akasema.

Akarudia: "Yeremia. Kazungu. Suma na Kazo."

Aliyeandika hakuzisikia ts na dz zetu, au alizisikia akaziona mzigo. Mimi nisingempata kamwe kwa macho. Agosti 1919, na pembeni, "mtu mzima".

Nilipotaka kupiga picha, katibu alifunika mistari ya juu na ya chini kwa karatasi mbili. "Hawa nao wana wajukuu wao."

Kasoro zipo. Ofisi hufunguliwa Jumanne na Alhamisi tu, simu haipokelewi, na nakala ya cheti nimeingoja wiki tatu kwa sababu mwenye kusaini alikuwa safarini. Nayo imeandikwa Suma, kama ilivyo kitabuni. Kitabu hakisahihishwi, alinieleza, ila unaweza kupewa barua ya kuthibitisha kwamba Suma na Tsuma ni mmoja. Barua nimepata. Ada hawakutaka, nikatia 500 kwenye sanduku na wakanipa risiti.

Fundi ameshachora jiwe: Yeremia Kazungu wa Tsuma, alibatizwa Agosti 1919. Mwaka wa kuzaliwa tumeuacha. Baba mkubwa bado anashikilia 1912. Nimemwonyesha lile neno "mtu mzima" kwenye picha, nikamwambia mtoto wa miaka saba haandikwi hivyo. Anasema babu yake alikuwa mtoto mrefu.