Mipira ya kunata kwa kamotokari kadogo: miezi sita nayo hapa L'shi (Lubumbashi)

Kila nikiparki kamotokari pale kwa vijana wanaoosha magari, lazima mtu ainame, aguse mipira na kidole, halafu aulize bei. Basi nijibu mara moja. Mipira minne, saizi 195/50R15, niliagiza Dubai kupitia kijana mmoja anafanyaga komisio, ikafika hapa kwa dola 610 transport ndani, kuimonta na ekilibraji (balansi ya magurudumu) dola 20 ingine. Marque sitaji, hii si tangazo, na sitaki mtu anunue juu yangu halafu anitafute siku mvua imemshika.

Gari yenyewe ni Mazda Roadster ya 2001, ile Wazungu wanaita MX-5. Ilitoka Japani, Dar, Zambia, mpaka wa Kasumbalesa, volani iko kuume kama magari mengi ya hapa hata kama sisi tunapita upande wa kuume wa barabara, tushazoea. Uzito wake ni kilo 1,060 hivi, Prado moja inakaribia Roadster mbili. Moteri mbele, nguvu nyuma, viti viwili, koferi ya kuweka mfuko mmoja wa bunga na basi.

Ilikuja na mipira ya zamani, pembeni imeandikwa 3811, maana yake ilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2011 (angalieni hiyo namba kabla ya kulipa mipira yoyote ya okazyo, ile iliyotumika, ni tarakimu nne za mwisho za ile namba ndefu inayoanza na DOT, muuzaji hatakuambia). Ilikuwa imekauka mpaka ukucha hauingii. Ila nisidanganye, nilikuwa nafurahia sana na ile mipira mibovu. Kwa rompwe (mzunguko wa barabara), kilomita 40 tu kwa saa, nyuma inateleza kidogo, unairudisha na volani polepole, unacheka peke yako kama mwehu. Shida ilikuwa freni. Unakanyaga, mipira inalia, gari inaendelea na safari yake.

Ile mipya pembeni imeandikwa treadwear 180. Ya kawaida ya gari ya familia inakuwaga 300, 400, na kupanda. Namba ikiwa ndogo, mpira ni laini, unashika gudroni, lakini unaisha mbio. Msilinganishe sana marque moja na ingine kwa hiyo namba juu kila fabrike inajipimia yenyewe, ila kati ya 180 na 400 hakuna ubishi, unasikia na mikono.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha. Kwado, fundi wa mipira, alimonta vizuri, kijana wa kazi, hakukwaruza janti hata moja, lakini akaweka pumzi ya bar 2.5 kwa yote minne juu njo anawekaga kwa RAV4 na kwa kila kitu kinachopita mbele yake. Gari ikawa inaruka kama mbuzi, kila kashimo nasikia mpaka kwa meno. Nikarudi, nikamuonyesha kibandiko cha kwa mlango wa shoferi kimeandikwa 1.8. Akaniangalia kwa huruma. "Yaya, na 1.8 itakaa bapa hii." Nikamwambia toa tu. Tukatoa, tukazunguka kidogo, ikawa gari ingine kabisa. Gari nyepesi haitaki pumzi mingi, ukijaza sana inakanyagia katikati tu, na ile pesa yote ya mpira mpana unaitupa. Pimeni asubuhi ikiwa baridi, juu ikizunguka inapanda yenyewe, yangu inafikaga 2.0 na kitu.

Halafu ikaja baridi. Nilimonta mwezi wa tano nikijua kiangazi njo muda wake, gudroni kavu, hakuna matope. Kumbe nilisahau baridi ya hapa kwetu ya mwezi wa sita na wa saba, asubuhi saa kumi na mbili unavaa jaketi mbili. Mpira wa namna hii unataka joto ndipo unate, na gari ya kilo elfu moja haiukandamizi sana, inachelewa kuupasha. Kilomita tano sita za kwanza zilikuwa kama niko na ile mipira ya 2011, mara moja kutoka mtaa wa Golf nyuma ikakimbia bila kuniaga. Saa nane mchana, jua limepiga, sawa kabisa.

Ila mwezi wa tisa na wa kumi! Joto limepanda, mvua bado, hapo nilielewa dola zangu ziliendea wapi. Nilikuwa natoka Likasi, mbele hakuna kitu, nimetoka tu kupita foleni ya makamio ya shaba, na mzee mmoja na kinga (baisikeli) lake limebeba magunia ya makala (makaa) akaingia barabarani kutoka kwa majani bila kuangalia. Nilikanyaga freni yote. Hakuna kelele, hakuna kuyumba, gari ilishikwa kama mtu ameivuta kwa shati nyuma, simu ikaruka kutoka kwa kiti ikaenda kugonga dashibodi, mukanda ukanibana kifua mpaka kesho yake nilikuwa nasikia. Mzee akapita polepole, hata hakugeuza kichwa. Nilibaki na mita nyingi mbele, nyingi kabisa. Na ile ya zamani ningemfikia, sitaki hata kufikiria.

Sasa mabaya. Inaokota mawe. Mpira ukipata moto unakuwa kama bubbligamu, kila kajiwe ka latérite kananata halafu kanarushwa ndani ya aile, ile bati ya juu ya gurudumu, tarararara, abiria anafikiri gari inabomoka. Volani imekuwa nzito kidogo. Esanse sikupima. Na ile michezo ya kwa rompwe imeisha: ile 40 ya zamani sasa haisemi kitu, 60 haisemi kitu, ukitaka nyuma iteleze inabidi ufike mwendo ambao mjini ni ujinga, na ikikuachia inaachia mara moja, haikuonyi kama zamani. Nguvu za moteri ni zilezile, mipira imezimeza. Mtu akiniambia anataka gari ya kuchekea jioni, nitamwambia abaki na mipira ya kawaida lakini mipya. Hiyo inatosha kabisa kwa freni, na pesa inabaki.

Kitu kingine hakuna aliyeniambia: ikishika sana, inafichua uzee wa vingine. Wiki ya tatu nikaanza kusikia tok, tok, nikikata kona. Silambloki za mbele, zile raba za mikono ya magurudumu, makanisie aliziinua na chuma, zikacheza kama jino la mtoto. Dola 90 na paralelisme (kunyoosha magurudumu). Ningeanza na hiyo.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja njo ilimaliza mjadala. Ilikuwa mpya na mifereji ya milimita 7, nikapima na ile kamita ka plastiki nikakuta 4, kilomita 6,000 na kidogo tu. Kwa maji kidogo inashika, sina neno. Lakini mnajua mvua ya hapa, dakika ishirini karavati zimejaa na barabara inakuwa mto, mifereji haitoshi kufukuza maji yote na gari ni nyepesi. Nilikuwa 70 hivi, volani ikawa nyepesi ghafla kama haijafungwa kwa kitu chochote, nikaacha mguu tu, sikugusa freni, nikahesabu mbili, tatu, ikashuka chini tena. Abiria wangu hakujua kitu, alikuwa anaendelea kunisimulia ndoa ya binamu yake.

Jumamosi nikaitoa. Nimeweka ya kawaida, dola 260 yote minne, mifereji mirefu. Ile ingine iko kwa store, mbali na jua, nyuma ya mifuko ya bunga, na mama watoto anauliza kila siku itakula ile nafasi mpaka lini. Mpaka mwezi wa tisa, mama.